Vikinga vya Ncha za Usukani wa Pikipiki

Pikipiki iangukapo kwa ubavu, ncha ya usukani huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kugusa barabara. Chombo chenye tungamo la kilo 120, kikienda kilometa 36 kwa saa, kina nishati ya mwendo ya juli 6,000; mwendo ukizidishwa mara mbili, nishati huwa mara nne. Nishati hiyo haina budi kwenda mahali. Ncha ikiteleza, msuguano huimaliza kidogo kidogo. Ikikwama, usukani hupinda, mkono wa breki huvunjika, au chombo chote hupinduka.

Kwa hiyo mpira laini, ujapopendeza machoni, haufai: hung'ang'ania lami. Nailoni ngumu huteleza huku ikilika taratibu, mradi kichwa cha bolti kizame ndani yake. Alumini hukwaruza zaidi. Chuma ni kizito, na uzito huo hupunguza mtetemo unaotia ganzi vidole vya dereva.

Lakini hatari kubwa iko upande wa kulia, kwenye mshiko wa mafuta, ambao hurudishwa na springi. Kikinga kikiubana, injini huendelea kuvuta hata dereva akiachia. Paachwe nafasi ya milimita moja au mbili. Kisha, injini ikiwa imezimwa, mshiko uzungushwe na kuachiwa, usukani ukiwa umekatwa kushoto, halafu kulia. Usiporudi mara moja, kikinga kifunguliwe kabla pikipiki haijatoka uani.