Shamba libaki shamba: sheria ya 1999 ambayo Lamu hatujaitumia

Mwenye shamba la minazi hapa Amu hana haja ya kuelezwa bei ya ardhi. Madalali wanamfuata hata barazani msikitini. Mzee akifariki, warithi wanane wanagawana ekari tatu, wawili kati yao wako Mombasa na mmoja Uarabuni, na kabla mjane hajatoka eda ploti ya kwanza imeshawekwa mawe ya mpaka. Sisemi kuuza ni kosa; mali ni ya mwenyewe. Lakini wasomaji kadhaa, hasa wa Shela na Kipungani, wameniuliza kama kuna njia ya mtu kubaki na shamba lake, akalilima na akalirithisha, lakini lisiweze kugeuzwa hoteli hata yeye akishaondoka duniani. Njia ipo. Imo katika Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, kuanzia kifungu cha 112.

Mimi naiita sharti la hifadhi. Mwenye ardhi ana haki nyingi juu yake: kulima, kulisha mifugo, kuchimba kisima, kujenga, kuchota mchanga, kuuza. Sharti likiwekwa, haki moja au mbili kati ya hizo huzuiwa, tuseme ya kujenga na ya kuchota mchanga, na zilizobaki zote ni zake kama zamani. Sharti huandikishwa kwenye rejista ya ardhi pamoja na hati. Akiuza, mnunuzi huichukua ardhi na sharti lake. Akifa, warithi vivyo hivyo. Laweza kuwa la milele au la miaka maalumu.

Kwetu jambo hili si geni sana. Tunaijua wakfu: shamba likishawekwa wakfu haliuzwi, halipewi mtu, halirithiwi, na mazao yake huenda kwa msikiti, madrasa au kizazi kilichotajwa. Tofauti ni kwamba wakfu humtoa mwenyewe katika umiliki, ilhali sharti la hifadhi humwacha palepale. Anaweza hata kuuza kesho, ila atakayenunua hatajenga ghorofa.

Sheria inataja makusudi ambayo sharti laweza kuwekewa: kulinda mimea na wanyama, kulinda maji ya mto, ziwa au ya chini ya ardhi, kulinda mahali pa kale, kuzuia uchimbaji madini, kuacha mapito ya wanyama, na hata kuwaruhusu watu wapite kwa miguu katika njia maalumu. Hilo la mwisho lisomeni mara mbili, enyi mliowahi kukuta ukuta mpya kwenye njia ya kwendea pwani.

Na maji ya chini ya ardhi ndiyo yanayonisumbua mimi zaidi. Mji wa Amu hunywa maji ya visima vya Shela. Mvua hunyesha juu ya vilima vya mchanga, maji yakazama polepole, yakakaa juu ya maji ya chumvi kwa kuwa ni mepesi kuliko hayo. Ukijenga juu ya mchanga ule ukachimba na makaro, au ukavuta maji kupita kiasi, chumvi hupanda na uchafu hushuka. Bomba la kuleta maji mengine kutoka bara ni gharama ya aina nyingine. Mtu mwenye ploti ukingoni mwa vilima vile akikubali kutojenga, anaulinda mji mzima, na ni haki apate chochote.

Sheria imeliona hilo. Mtu au kikundi chochote chaweza kwenda mahakamani kuomba sharti liwekwe, na mwenye ardhi ana haki ya fidia inayolingana na thamani aliyoipoteza. Kwa kawaida hulipa yule aliyeomba; mahakama ikiona jambo lina umuhimu wa taifa zima, yaweza kuiamuru serikali ilipe.

Wenzetu wa Tanzania wamejaribu kitu cha jinsi hii. Kijiji cha Terrat, wilaya ya Simanjiro, tangu 2005 kilikubaliana na kampuni za utalii kwamba sehemu ya mbuga yake isilimwe, nazo zikawa zinakilipa kijiji takriban shilingi milioni 5 za Tanzania kwa mwaka. Wamasai waliendelea kuchunga ng'ombe wao kama kawaida, na nyumbu wakapata pa kuzalia. Kitengela, nje kidogo ya Nairobi, wenye ardhi walilipwa dola 4 kwa ekari kila mwaka wasiweke ua. Lakini hiyo ilikuwa kama kodi tu, ikitegemea wafadhili, na ploti na kuta zikaendelea kuongezeka. Ahadi ya mwaka mmoja mmoja haiwezi kushindana na dalali mwenye fedha taslimu.

Sasa kikwazo chetu. Sharti huandikishwa juu ya hati, na Lamu wengi hatuna hati. Mnakumbuka 2014 serikali ilipotangaza kufuta hati za ekari 500,000 zilizokuwa zimepewa kampuni 22. Wakulima waliokuwa juu ya ardhi hiyo hawakuwa na karatasi yoyote. Waawer wa Basuba na Mangai wameishi na msitu wa Boni vizazi kwa vizazi, na kwao hatua ya kwanza ni kusajiliwa chini ya Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016. Mikoko nayo ni msitu wa serikali. Pale kinachotakiwa ni wakataji wawe na sauti katika usimamizi, maana Februari 2018 ukataji ulipopigwa marufuku nchi nzima, familia za wakata boriti ziliumia bila kuulizwa.

Kwa hiyo ningeanza na wenye hati: ploti zinazopakana na vilima vya Shela, na mashamba ya ukingoni mwa Ziwa Kenyatta kule Mpeketoni. Wala nisingekubali sharti linaloletwa na mgeni mwenye mkoba na karatasi za kutia saini siku hiyohiyo. Ulizeni nani atakayelisimamia, analipa nini na kwa muda gani, na je, kisima kipya au nyumba ya kijana anayeoa vimezuiwa? Mkataba wenyewe usomwe kwa Kiswahili, mbele ya warithi wote, mabinti wakiwemo, kabla mzee hajatia dole gumba.