Mkigombana, Hata Kidonda Kinajua

Eti mkinuniana siku tatu ndani ya nyumba, kinachoumia ni moyo tu? Thubutu!

Ronald Glaser na mkewe Janice Kiecolt-Glaser, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, walilipima jambo hilo. Katika utafiti waliouchapisha na wenzao mwaka 2005, wanandoa 42 walikubali kutolewa malengelenge madogo mkononi. Mara ya kwanza waliongea kwa kusaidiana. Mara ya pili wakatakiwa wajadili jambo linalowagombanisha (mimi na wangu tungefukuzwa na walinzi). Baada ya mzozo, vidonda vilichelewa kupona kwa siku moja. Na wale waliozoea kurushiana maneno makali? Vyao vilipona kwa asilimia 60 tu ya kasi ya wenzao wapole.

Inakuwaje? Ukikasirika, ubongo unaziamuru tezi zilizo juu ya figo zimwage homoni ya kotisoli. Hiyo ikizidi, inazipunguza nguvu chembe za kinga zinazokimbilia kwenye jeraha.

Mawasiliano hayo yana njia mbili. Mwili ukipambana na mafua au malaria, chembe hizo hutoa kemikali zinazoufikisha ubongo ujumbe, nao unakuletea usingizi, unakata hamu ya kula, hata ya kuongea na watu. Kwa hiyo mwenzio akiwa na homa halafu akakugeuzia mgongo kitandani, usikimbilie kupekua simu yake. Hajanuna. Mpeleke akapime, kisha mwache alale.