JOKOFU LISILOPOZA: MAMBO YA KUKAGUA KABLA YA KUMWITA FUNDI

Katika Wilaya ya Mafia jokofu si pambo la sebuleni. Humo huhifadhiwa kitoweo cha juma zima, barafu inayowapatia akina mama fedha ya matumizi, na pengine dawa ya mgonjwa wa kisukari. Linapoacha kupoza, neno la kwanza linalotamkwa mara nyingi ni kwamba "gesi imekwisha". Mwenye nyumba hulipa gesi iongezwe, na baada ya majuma machache hali hurejea pale pale. Makala hii inaeleza kwa nini neno hilo mara nyingi si sahihi, na ni mambo gani mwananchi anaweza kuyakagua mwenyewe bila gharama.

NAMNA JOKOFU LINAVYOFANYA KAZI

Jokofu halitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto lililomo ndani ya kabati na kulitoa nje. Wazee wetu waliitumia kanuni hiyo kabla ya umeme kufika: mtungi wa udongo hutoka jasho, na jasho hilo linapokauka huondoka na joto, hata maji yaliyomo ndani yakapoa. Katika jokofu, mahali pa jasho hilo pana gesi maalumu. Gesi hiyo huingia katika mabomba ya sehemu ya barafu ikiwa kimiminika. Humo huchemka na kugeuka mvuke, na katika kugeuka huchukua joto la vyakula. Kisha mashine ya kukandamiza, yaani kompresa, huuvuta mvuke huo na kuusukuma kwa nguvu katika mabomba ya nyuma. Hapo mvuke hutoa joto lake chumbani, huwa kimiminika tena, na safari huanza upya.

Tofauti moja kati ya viwili hivyo ni muhimu sana. Maji ya mtungi hupotea hewani, hivyo hayana budi kuongezwa. Gesi ya jokofu imefungwa ndani ya mabomba yasiyo na mwanya, wala haipungui kwa kutumika. Jokofu lililo zima huweza kutumia gesi ile ile iliyotiwa kiwandani kwa miaka yote ya uhai wake. Kwa hiyo, gesi ikipungua, maana yake pana tundu. Na kuongeza gesi bila kuziba tundu ni sawa na kutia maji katika mtungi uliopasuka.

MAMBO YA KUKAGUA NYUMBANI

Kabla ya kusafisha au kugusa sehemu ya nyuma, mwananchi achomoe plagi. Asishike jokofu akiwa miguu mitupu juu ya sakafu yenye maji. Baada ya hapo akague kwa utaratibu ufuatao.

Kwanza, umeme. Fungua mlango uangalie taa ya ndani. Ikiwa haiwaki, chunguza plagi, soketi, swichi kuu na salio la LUKU kabla ya kulilaumu jokofu. Ikiwa inawaka kwa mwanga hafifu, huenda umeme unaofika ni mdogo. Majokofu yetu yameundwa kwa umeme wa volti 230 hivi. Volti zikishuka sana, kompresa hunguruma kidogo, hutoa mlio mfupi, kisha hunyamaza, na baada ya dakika chache hurudia. Hali hiyo ikiachwa iendelee huunguza mota. Waya mwembamba wa kuongezea urefu nao hupunguza nguvu ya umeme. Kifaa cha kulinda friji ni kinga nzuri, ila ikumbukwe kwamba umeme unaporudi kifaa hicho husubiri dakika kadhaa kabla ya kuuruhusu kupita. Kusubiri huko si ubovu.

Pili, kitasa cha kurekebisha baridi. Mara nyingi huguswa na watoto au husukumwa na sufuria. Katika majokofu mengi namba kubwa ndiyo baridi zaidi. Kirudishe katikati, kisha usubiri siku nzima kabla ya kutoa hukumu.

Tatu, mpira wa mlango. Weka kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, mpira umelegea mahali hapo, na hewa ya joto na unyevu ya pwani huingia usiku na mchana. Osha mpira kwa maji ya vuguvugu na sabuni ili kuondoa mafuta ya samaki na uchafu. Ukishapata uvuguvugu huo huweza kunyooshwa kwa mkono ukarudia umbo lake.

Nne, mahali lilipowekwa. Joto lililotolewa ndani lazima lipate njia ya kuondoka. Jokofu lililobanwa ukutani, lililo jirani na jiko, linalopigwa na jua la alasiri au lililofunikwa kwa kitambaa hadi nyuma huhangaika bure. Acha nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma yake. Baadhi ya majokofu ya siku hizi mabomba yake yamefichwa katika kuta za ubavuni, ndiyo maana ubavu huwa wa moto. Hayo yaachiwe nafasi ubavuni pia. Futa vumbi kwa brashi laini. Kwa nyumba zilizo karibu na ufuko, mabomba yafutwe pia kwa kitambaa chenye unyevu wa maji yasiyo ya chumvi, kisha yakaushwe, kwa kuwa hewa ya chumvi huyala mabomba ya chuma polepole hadi yakatoboka.

Tano, barafu iliyoganda. Utando mnene wa barafu huzuia joto la vyakula lisifike kwenye mabomba. Zima jokofu, acha mlango wazi, na barafu iyeyuke yenyewe. Ni mwiko kuibandua kwa kisu, bisibisi au ncha ya kijiko. Mabomba ya sehemu hiyo ni membamba, na pigo moja huyatoboa. Majokofu mengi yanayosemwa kuwa yamekwisha gesi yaliharibiwa kwa njia hiyo. Ikiwa jokofu ni la aina isiyogandisha barafu, na sehemu ya juu ni baridi ilhali ya chini ni vuguvugu, basi huenda feni imesimama au njia ya hewa imezibwa na barafu. Lizime kwa siku nzima likiwa wazi, kisha liwashe tena. Likipoa kwa siku chache na kuharibika tena, fundi aelezwe hivyo hivyo.

Sita, mzigo. Jokofu la nyumbani si kiwanda cha barafu. Kutia humo kwa mara moja ndoo ya samaki wabichi, sufuria ya moto na vifuko vingi vya maji huongeza joto lisiloweza kuondolewa kwa muda mfupi. Vitu vigawanywe, na hewa iachiwe nafasi kati yao.

Watumishi wanaohamia au kuhama kisiwani wazingatie jambo moja zaidi. Jokofu lisafirishwe likiwa wima, iwe ni katika chombo cha kutoka Nyamisati au katika gari. Ikiwa lililazwa, lisimamishwe kwa saa kadhaa, na ikiwezekana hadi kesho yake, kabla ya kuwashwa, ili mafuta ya kompresa yarudi mahali pake.

WAKATI WA KUMWITA FUNDI

Ikiwa yote hayo ni mazuri, na kompresa yaunguruma bila kupumzika lakini mabomba ya nyuma hayapati joto na barafu hujitokeza kwenye kona moja tu, hapo ndipo pana dalili ya kuvuja kwa gesi au kuchoka kwa kompresa. Mwananchi ana haki ya kumwuliza fundi maswali manne: tundu liko wapi, limezibwa kwa njia gani, je, hewa na unyevu vimeondolewa kwa pampu kabla ya kutia gesi, na je, kichujio kimebadilishwa.

Aina ya gesi husomwa kwenye kibandiko cha jokofu, wala haifai kubadilishwa kwa kubahatisha. Majokofu ya zamani yalitumia R12, gesi iliyobainika kuharibu tabaka la ozoni, na ikakomeshwa chini ya Itifaki ya Montreal ya mwaka 1987. Iliyofuata ni R134a, na mengi ya siku hizi hutumia R600a. Hii ya mwisho hushika moto. Asiruhusiwe mtu yeyote kuwasha moto wa kuchomelea kwenye mabomba ambayo bado yana gesi hiyo, wala kufanya kazi hiyo katika chumba kilichofungwa.

CHAKULA NA DAWA WAKATI JOKOFU NI BOVU

Ubovu wa jokofu huweza kuvumiliwa. Ugonjwa utokanao na chakula ni jambo jingine. Sehemu ya kawaida inatakiwa iwe na nyuzi 5 za Selsiasi au chini yake, na sehemu ya kugandisha nyuzi 18 chini ya sifuri. Kupima, weka kipimajoto ndani ya bilauri ya maji katika rafu ya kati, ukisome asubuhi. Umeme ukikatika na mlango usipofunguliwa, sehemu ya kawaida huhifadhi baridi kwa muda wa saa 4 hivi, na sehemu ya kugandisha iliyojaa kwa muda wa saa 48.

Samaki kama jodari, nguru na vibua waangaliwe zaidi. Wakikaa katika joto, vijidudu hutengeneza ndani ya nyama yao sumu iitwayo histamini, ambayo huleta wekundu wa uso, kuumwa kichwa, muwasho na kutapika. Sumu hiyo haiondolewi kwa kupika, kukaanga wala kugandisha tena, na samaki mwenye sumu hiyo huweza kuwa hana harufu mbaya. Jokofu likianza kulegea, samaki wahamishiwe mara moja kwenye barafu ya kutosha, au wapakwe chumvi na kukaushwa wakiwa bado wabichi.

Insulini ambayo haijaanza kutumika huhifadhiwa kati ya nyuzi 2 na 8, na ikiganda haifai tena hata ikiyeyuka. Mgonjwa ambaye jokofu lake limeharibika asiitupe wala asiitumie kwa kukisia. Aipeleke katika kituo cha afya kilicho karibu au Hospitali ya Wilaya, Kilindoni, apewe ushauri.

Wananchi wote wanakumbushwa: linapoacha kupoza, okoeni kwanza chakula na dawa, kisha kagueni umeme, kitasa, mpira, nafasi, barafu na mzigo. Gesi iwe neno la mwisho, na isiongezwe kabla tundu halijaonekana na kuzibwa.