Mashapo Yasiyotaka Kutua



Mtu achotaye maji ya mto Mkondoa, pale Kilosa, wakati wa masika, huona mtungini maji ya tope. Huyaacha yatulie, na baada ya kitambo mashapo hushuka na maji ya juu hutakata. Katika miji mingi ya dunia maji ya vyoo husafishwa kwa kanuni iyo hiyo, ila husaidiwa na watumishi wasioonekana kwa macho, yaani bakteria.

Njia hiyo ilielezwa mwaka 1914 na Ardern na Lockett, wa Manchester, Uingereza. Maji machafu hutiwa birikani na kupulizwa hewa. Bakteria hula uchafu, huzaana, na kushikamana kuwa vidonge vidogo. Kisha maji hupelekwa katika birika la pili lililo tulivu. Vidonge huzama, na maji yaliyotakata hutoka juu kwenda mtoni.

Miongoni mwa bakteria hao wamo wenye umbo la uzi. Wakiwa wachache wana faida, maana ni kama fito za nyumba zinazoshika udongo. Wakizidi ni hasara. Watu wa Kilosa waijua katani: ratili moja ya singa zilizochambuliwa hujaza kikapu, lakini ratili moja ya udongo hukaa chini tu. Vivyo hivyo nyuzi hizo huvitenga vidonge visishindiliane. Mashapo huvimba, hupita ukingo wa birika, na uchafu huingia mtoni.

Fundi hulijuaje jambo hili? Hujaza chombo cha kioo cha lita 1, hungoja dakika 30, kisha hutazama mashapo yameshuka kiasi gani. Gramu 1 ya mashapo makavu ikichukua nafasi ya zaidi ya mililita 150, ni dalili mbaya. Mara nyingi sababu ni upungufu wa hewa au wa chakula cha bakteria. Klorini kwa kipimo huua nyuzi, lakini sababu isipoondolewa, zitarudi.

Nasi tusio na mabirika hayo, Kilosa hata Mikumi, tuna funzo letu. Maji ya Mkondoa huingia Wami, na wengi huyachota njiani kabla hayajafika baharini. Basi choo kichimbwe mbali na mto. Tena maji ya mtungini yakitakata, usidhani yamekwisha kuwa salama: tope limetua, lakini vijidudu vya maradhi vingali vimo. Yachemshe kwanza, ndipo unywe.