Nyumba ya Sungura Wawili

Sungura wa hadithi, yule mwerevu, ndiye aonekanaye jioni akikimbia nyasini katika miombo ya Mpanda. Yeye hulala peke yake juu ya ardhi, na watoto wake huzaliwa wana manyoya na macho wazi. Sungura wa kufugwa ni mwingine. Asili yake ni Hispania na Ureno, ambako wazee wake walikaa wengi pamoja mashimoni. Na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Basi huyu ataka giza la kujificha, tena ataka mwenzi.

Nyumba na isimame juu ya miguu minne, na kila mguu utiwe katika kopo la maji, maana siafu wakipanda usiku huweza kuwaua wote wawili kabla ya alfajiri. Sakafu iwe ya fito za mianzi, uchafu upate kuanguka chini. Upande mmoja uwe chumba chenye giza na nyasi kavu. Paa la nyasi lafaa kuliko bati: mwezi wa Oktoba, kabla ya mvua, bati huwa tanuri, na sungura hatokwi na jasho; hupoza mwili kwa masikio yake.

Dume na jike watazaa, na mimba ni siku 31 tu. Madume wawili, wapatapo miezi minne hivi, hupigana. Majike wawili waliozaliwa pamoja ndio wepesi kupatana.

Walakini mara nyingi mmoja hununuliwa hapa na mwingine kule. Mgeni asitiwe mara moja nyumbani mwa mwenyeji, kwani sungura hulinda shimo lake. Atamwuma na kumrarua tumbo kwa makucha ya nyuma. Wakae kwanza jirani, wavu kati yao, muda wa wiki mbili, na nyasi za kulalia zibadilishwe ili kila mmoja azoee harufu ya mwenziwe. Kisha wakutanishwe jioni barazani, mahali pasipo pa mmoja wao, wapewe majani ya viazi pamoja. Mtoto akae karibu na ufagio (mkono utaumwa). Kufukuzana kidogo si vita. Manyoya yakiruka, watenganishwe mpaka kesho.

Siku mmoja atakapoinamisha kichwa na mwenziwe akamlamba paji la uso, nyumba ioshwe yote, nao waingizwe pamoja.