Nyambizi Ilifungwa, Sisi Tunatembea

Akina mama wenzetu, nani kati yetu hajawahi kusema, "Nitaanza mazoezi Jumatatu"? Jumatatu ikifika, mtoto ana homa, au baba wa nyumba anatafuta soksi, au zamu kazini imebadilishwa. Wiki inapita, mwezi unapita, na gauni tulilovaa harusini mwaka juzi halifungiki tena mgongoni.

Sisi tunaowaandikia ni akina mama tisa tunaoishi Orlando, katika jimbo la Florida, Marekani. Wengine tumetoka Tanzania, wengine Kenya, wengine Kongo, na mmoja ni jirani yetu Mmarekani aliyekulia huku huku. Kiswahili chake hakivuki "karibu" na "asante", lakini chapati zetu anazijua vizuri. Wengi wetu tunafanya kazi za hoteli: kutandika vitanda, kufua mashuka, kupika. Mtu akituona tumesimama kutwa atadhani tuna afya ya chuma. Kumbe uchovu ni kitu kimoja, na mazoezi ni kitu kingine.

Wazo lilivyoanza

Eneo letu linajulikana duniani kwa bustani kubwa za burudani. Bustani ya Magic Kingdom ya Walt Disney World ilifunguliwa tarehe 1 Oktoba 1971. Tangu wakati huo vyombo vingi vya kupanda vimejengwa huko, vikapendwa na wakubwa kwa wadogo, kisha vikafungwa ili kupisha vipya.

Jumapili moja, tukinywa chai baada ya ibada, jirani yetu alitusimulia juu ya nyambizi alizopanda akiwa mtoto. Zilikuwa zimefuata hadithi ya mwandishi Mfaransa Jules Verne. Abiria waliteremka ndani, wakaketi chini ya usawa wa maji, wakachungulia samaki wa bandia kupitia madirisha ya mviringo. Nyambizi zenyewe hazikuzama. Zilipita tu juu ya reli iliyofichwa ndani ya bwawa. Zilianza mwaka 1971 na zikafungwa mwaka 1994. Bwawa lile limekwisha kufukiwa.

"Siku hizi imebaki kichwani mwangu tu," alisema.

Mkubwa wetu kwa umri, ambaye sote tunamwita Shangazi, akaweka kikombe chini. "Basi tuipande tena," akasema, "ila safari hii kwa miguu."

Tulicheka, lakini wazo likashika. Tukakubaliana kwamba kila mwezi tutachagua chombo kimoja kilichofungwa, tusikie habari zake, kisha tupange zoezi linalofanana nacho. Mwisho wa mwezi kila mmoja atapewa picha ya chombo hicho, iliyochorwa na watoto wetu kwenye karatasi ngumu.

Mwezi wa nyambizi

Zoezi la kwanza lilikuwa kutembea kuzunguka ziwa la mtaani kwetu, kilomita 20 kwa kila mama kwa mwezi. Tulitoka alfajiri kwa sababu jua la Florida halina huruma. Ukingoni hatukusogea, maana maziwa ya huku yana mamba wa kweli, si wa bandia. Kila mmoja aliandika kilomita zake katika daftari tulilolitundika ukumbini.

Mwezi ulipokwisha, mmoja wetu alikuwa na kilomita 61. Tulimpigia makofi. Mwingine alikuwa na kilomita 9, na hakuna aliyesema neno. Hapo ndipo kosa letu lilipoanza, ingawa hatukuliona.

Mwezi wa gari la chura

Mwezi wa pili tulichagua gari la Bwana Chura, lijulikanalo kama Mr. Toad's Wild Ride. Nalo lilianza mwaka 1971. Habari za kulifunga zilipotoka, wapenzi wake walikwenda bustanini wakiwa wamevaa fulana za kulitetea. Lilifungwa hata hivyo, mwezi Septemba 1998. Abiria waliketi katika kigari kilichokwenda mbio huku na huku kama kinachoendeshwa na mwenda wazimu, kikagongana na treni, na mwisho kikatokea jehanamu, kati ya vishetani vya kuchekesha.

Shangazi alishtuka. "Yaani sisi akina mama wa kanisa tutembee mwezi mzima kwenda jehanamu?"

Tukamtuliza kwamba tutageuza njia kabla ya treni. Zoezi likawa kutembea kwa kasi dakika mbili, pole pole dakika mbili, na kurudia.

Sasa mashindano yakapamba moto. Asubuhi ujumbe uliingia katika simu zetu: "Mimi nimemaliza, nyie bado mmelala?" Ulikuwa utani, lakini utani nao una mwiba. Yule mwenzetu wa kilomita 9 sasa aliandika kilomita nyingi kuliko wengi wetu. Tulimsifu sana. Alijibu kwa tabasamu dogo na kuangalia pembeni.

Wiki ya mwisho alimwomba Shangazi wabaki ukumbini. Baadaye, kwa ridhaa yake, tuliambiwa sote. Zile kilomita hakuzitembea. Alikuwa akitoka nyumbani na viatu vya mazoezi, anaketi ndani ya gari lake nusu saa, kisha anarudi na kuandika. Mwezi uliotangulia, muuguzi alikuwa amempima shinikizo la damu na kukuta 168 kwa 102. Alipewa dawa, akazificha kabatini bila kumwambia hata mumewe. Mama yake mzazi alifariki kwa kiharusi. Kila alipojaribu kwenda na mwendo wetu alihema, moyo ukamdunda, akaogopa kwamba ataanguka mbele yetu.

"Shangazi," alisema, "niliona heri niwe mwongo kuliko kuwa wa mwisho."

Maneno hayo yalituchoma. Tuliyaita mazoezi yetu ya kirafiki, lakini rafiki yetu alikuwa amekaa peke yake ndani ya gari, akiogopa daftari letu. Hatukumlaumu. Tulijiuliza ni nani aliyelitundika lile daftari ukutani.

Tulichobadilisha

Tuliteremsha daftari siku ile ile. Tukaacha kuhesabu kilomita za mtu mmoja mmoja, tukaanza kuhesabu dakika za kikundi kizima. Kila mama hutuma dakika zake kwa Shangazi peke yake, naye hutangaza jumla tu. Hakuna anayejua nani kaleta nyingi na nani kaleta chache. Haba na haba hujaza kibaba.

Lengo letu la kwanza lilikuwa dakika 100 kwa wiki kwa kila mama, yaani dakika 3,600 kwa akina mama tisa katika wiki nne. Tukakubaliana pia kwamba dakika ya kujinyoosha kwenye kiti inahesabiwa sawa na dakika ya kupanda ngazi. Kila mwili una mlima wake.

Jambo la pili, mwenzetu alirudi kwa daktari, safari hii pamoja na mumewe. Daktari alimwambia atumie dawa kila siku, na akamruhusu atembee pole pole, akianza na dakika kumi.

Mwezi wa safari ya damu

Ndiyo sababu mwezi wa tatu tulichagua Body Wars, chombo kilichokuwa katika bustani ya Epcot tangu mwaka 1989 hadi 2007. Abiria walifungwa mikanda ndani ya chumba kilichotikisika mbele ya sinema, wakaona kama wamepunguzwa wakawa wadogo kuliko punje ya mchanga, na kusafirishwa ndani ya damu ya mwanadamu, kupitia moyo na mapafu. Mtikisiko ule uliwatapisha wengi.

Mwezi huo sote tisa tulipimwa shinikizo la damu. Wawili wengine walikutwa nalo, na hawakuwa na habari. Mpenzi msomaji, ugonjwa huu haupigi hodi. Mtu anaweza kukaa nao miaka bila kuumwa kichwa wala kizunguzungu, huku mishipa ikiharibika kimya kimya. Njia pekee ya kujua ni kupimwa.

Mazoezi husaidia kwa sababu moyo nao ni msuli. Ukizoezwa, hupiga kwa nguvu zaidi na kusukuma damu nyingi kwa pigo moja, wala haulazimiki kwenda mbio. Mishipa nayo hulegea, na damu hupita kwa wepesi. Lakini mazoezi si badala ya dawa. Mama aliyeandikiwa dawa asiziache kwa sababu ameanza kutembea.

Jumla ya mwezi ule ilikuwa dakika 3,840. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi wa ukumbi akaja kuchungulia.

Mwezi wa njia tatu za kurudi nyumbani

Mwezi wa nne tulikuwa na Skyway, vibanda vilivyoning'inia kwenye waya juu ya vichwa vya watu, kutoka mwaka 1971 hadi 1999. Zoezi letu likawa kupanda ngazi, na wenye magoti mabovu walinyanyua mikono wakiwa wameketi.

Lakini tulioupenda kuliko yote ni mwezi wa tano, mwezi wa Horizons. Chombo hicho kilikuwa Epcot kuanzia mwaka 1983 hadi kilipofungwa moja kwa moja Januari 1999. Kiliwaonyesha watu maisha ya siku zijazo, na mwishoni abiria walibonyeza kitufe kuchagua njia ya kurudia: kupitia angani, jangwani au chini ya bahari.

Nasi tukaweka njia tatu. Ya angani ilikuwa ngazi, ya jangwani kutembea, na ya bahari mazoezi ndani ya maji ya bwawa la kuogelea, ambayo hayaumizi magoti. Kila mama alichagua yake. Mwenzetu alichagua jangwa. Alianza na dakika kumi, akaongeza mbili, akaongeza tatu. Mwezi ule tulifikisha dakika 5,400, ambazo ni sawa na dakika 150 kwa wiki kwa kila mmoja wetu. Hicho ndicho kiwango cha chini ambacho Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima.

Mkitaka kuanza

Si lazima muwe jirani na bustani za Marekani. Chagueni mambo ambayo ninyi mnayakumbuka: kivuko cha zamani, treni iliyoacha kupita, jumba la sinema lililofungwa. Mama mkubwa kati yenu asimulie, na wengine watembee. Sisi tumejifunza haya:

1. Pimeni shinikizo la damu na sukari kabla ya kuanza. Mwenye ugonjwa, mjamzito, au aliyejifungua karibuni amwone daktari kwanza.

2. Anzeni kidogo. Mwendo unaofaa ni ule unaoweza kuzungumza lakini huwezi kuimba.

3. Siku mbili kwa wiki fanyeni pia mazoezi ya nguvu, kama kuinuka kitini mara kumi bila kushika meza.

4. Ukipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, au kuishiwa pumzi kusiko kwa kawaida, simama na utafute matibabu mara moja.

5. Hesabuni kwa pamoja. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Mwezi uliopita mwenzetu alipimwa tena: 132 kwa 84. Dawa anaendelea nazo, na daktari amemwambia asilegeze kamba. Mumewe sasa hutembea naye Jumamosi, akilalamika njia nzima kwamba mkewe anamkimbiza.

Shangazi alimuuliza kama angetaka lile daftari la zamani lichomwe. Alikataa. Alilifungua kwenye ukurasa wa gari la chura, akazipigia mstari kilomita zake zote. Chini yake akaandika dakika alizotembea asubuhi ile ya kwanza baada ya kutueleza ukweli: "Dakika 10." Kisha akamwomba binti yake achore nyambizi pembeni.