Filamu za mapenzi za vijana: Mzazi azungumze nini na mwanawe?



Wazazi wengi wanaozungumza Kiswahili, wawe Muscat, London, Minneapolis au Toronto, wanakabiliwa na jambo ambalo wazazi wao hawakukutana nalo. Mtoto wa miaka 13 au 14 yuko chumbani, simu mkononi, akitazama filamu ya wavulana na wasichana wa rika lake wanaopendana, tena kwa lugha ambayo pengine anaifahamu kuliko mama yake. Wapo wazazi wanaomnyang'anya simu na kuanza kukemea. Wapo pia wanaopita mlangoni na kujifanya hawakuona kitu. Njia zote mbili zinamwacha kijana peke yake na yale aliyoyatazama.

Zamani mambo haya yalikuwa na wenyewe. Katika mwambao wa Afrika Mashariki, msichana aliyevunja ungo alikabidhiwa kwa somo wake au kungwi, na katika jamii nyingi za bara na pwani mvulana alifundwa jandoni. Baba na mama waliweza kuona haya bila ya madhara makubwa, kwa sababu alikuwapo mwingine wa kusema. Ughaibuni somo hayupo, bibi yuko Tanga au Bujumbura, na shangazi anapatikana kwa simu mara moja kwa wiki. Nafasi hiyo iliyobaki wazi ndiyo inayojazwa na filamu.

Alama za umri zina maana gani?

Hatua ya kwanza kwa mzazi ni kuzielewa alama zinazowekwa kwenye filamu. Nchini Marekani, alama ya PG-13, iliyoanzishwa mwaka 1984, ni onyo kwa wazazi kwamba baadhi ya mambo yaliyomo huenda yasiwafae walio chini ya miaka 13. Haimkatazi mtoto kuingia katika jumba la sinema. Nchini Uingereza, alama ya 12A, iliyoanza kutumika mwaka 2002, inamruhusu mtoto wa chini ya miaka 12 kuingia iwapo amefuatana na mtu mzima, ilhali alama ya 15 inamfungia mlango kabisa aliye chini ya umri huo. Katika eneo la Ghuba, Falme za Kiarabu zilitangaza daraja la watu wa miaka 21 na kuendelea mwezi Desemba mwaka 2021.

Lakini ulinzi wa mlangoni haufiki nyumbani. Huduma za kutazama filamu kwa njia ya intaneti, kama Netflix, humwezesha mzazi kuweka kiwango cha umri kwa kila mtumiaji na kufunga kwa namba ya siri. Inafaa kufanya hivyo kwa walio wadogo. Kwa kijana wa miaka 15 mwenye marafiki wenye simu, hatua hiyo pekee haitoshi.

Aidha, alama hizo hupima zaidi yale yanayoonekana, yaani miili, damu na matusi. Hazimwambii mzazi filamu inamfundisha kijana nini kuhusu mapenzi.

Yanayojificha ndani ya hadithi

Tuchukue mfano wa Twilight, filamu ya mwaka 2008 iliyopewa alama ya PG-13 Marekani na 12A Uingereza. Mzazi anayetafuta aibu hataiona kwa wingi. Hata hivyo, Edward, kiumbe anayeonekana kama kijana wa miaka 17 lakini aliyeishi zaidi ya karne moja, huingia usiku chumbani mwa Bella na kumtazama akiwa amelala, bila msichana huyo kujua. Katika filamu hiyo tendo hilo huonyeshwa kuwa ni dalili ya penzi kubwa. Katika maisha ya kawaida, mtu anayemnyemelea msichana usiku ni wa kuogopwa.

Mfano wa pili ni The Kissing Booth, ya mwaka 2018. Noah huwaonya wavulana wengine wasimkaribie Elle, naye ni mwepesi wa kurusha ngumi. Kijana anaweza kuitazama filamu hiyo hadi mwisho akaamini kuwa wivu na ubabe ndiyo mahaba yenyewe.

Si zote zilizo hivyo. Katika To All the Boys I've Loved Before, pia ya mwaka 2018, Lara Jean ni mmoja wa mabinti watatu wanaolelewa na baba yao baada ya kufiwa na mama. Barua zake za siri zinatumwa bila ridhaa yake, na baadaye video inayomwonyesha akiwa na mvulana inasambazwa kwenye mtandao. Hapo pana mlango mpana wa mazungumzo kuhusu picha, siri na fedheha, mambo yanayowapata wanafunzi wengi wa leo.

Namna ya kuanza mazungumzo

Inashauriwa mzazi aitazame filamu pamoja na mwanawe, au angalau aitazame peke yake kabla ya kuihukumu. Pindi inapofika sehemu ya kubusiana, si lazima akimbilie kuzima. Anaweza kusema waziwazi: "Sehemu hii inanionea haya mimi, tuipitishe." Kijana atafahamu kuwa nyumbani kwao kuna mipaka, na kwamba mipaka hiyo inaweza kusemwa bila ya vita.

Baada ya hapo, maswali yawahusu wahusika wa filamu, si mtoto mwenyewe. Swali "Je, wewe nawe una mpenzi?" humfunga mdomo. Swali "Unadhani kwa nini hakumwambia kuwa hataki?" humpa nafasi ya kusema lililo moyoni kwa kupitia mtu mwingine. Maswali mengine ni kama haya: Je, huyu kijana angefanya hivyo kwa dada yako ungesemaje? Msichana alikuwa na njia ya kukataa? Nani alijua siri hii, na aliitumiaje?

Wavulana nao waulizwe. Katika familia nyingi wasichana ndio wanaoonywa, huku kaka zao wakiachwa wajifunze kwa Edward na Noah. Iwapo baba anaona vigumu kuzungumza na binti yake, au mama na mwanawe wa kiume, mjomba au shangazi anayeaminika anaweza kuombwa asaidie, hata kwa simu.

Mzazi ana haki ya kueleza imani yake. Mwislamu au Mkristo anayeamini kuwa mapenzi ya namna hiyo yangoje ndoa aseme hivyo, na aeleze sababu. Vijana huweza kupokea msimamo wasioupenda, mradi nao wamesikilizwa kwanza.

Lililo muhimu zaidi, mpenzi msikilizaji, ni lile linaloweza kufuata baada ya filamu. Huenda siku moja mtoto akasema kuwa rafiki yake anaombwa picha za utupu, au kwamba kuna mtu mzima anayemwandikia usiku. Mara nyingine rafiki huyo ni yeye mwenyewe. Mzazi atakayeanza kwa hasira atalisikia jambo hilo mara hiyo tu, halafu halitasemwa tena. Atakayeanza kwa kumshukuru mwanawe kwa kumweleza, kisha akauliza taratibu, ataweza kujua yote na kumkinga, ikibidi kwa kuihusisha shule au polisi.